Maoni ya Mwalimu: Jina la Jedwali Chagua Wewe

Ndugu mwanafunzi, tuseme umepewa kazi ya kutengeneza programu ya kutunza kumbukumbu za chama cha msingi cha wakulima wa kahawa hapa Mbinga. Unaandika klasi iitwayo Mkulima, kisha unaiachia maktaba ya programu itafute yenyewe jina la jedwali katika hifadhidata. Ukitumia Laravel, jina litakuwa "mkulimas". Mvuvi wa Mbamba Bay naye atakuwa "mvuvis". Sababu ni kwamba Laravel, iliyotoka mwaka 2011, huunda wingi kwa kanuni za Kiingereza. Haijui kuwa sisi wingi tunauweka mwanzoni mwa neno: mkulima, wakulima, mvuvi, wavuvi. Django yenyewe haitafuti wingi. Huunganisha jina la sehemu ya programu na jina la klasi, ukapata "ushirika_mkulima".

Wapo wanaosema jina si hoja, mradi programu inafanya kazi. Mimi sikubaliani nao. Jedwali litasomwa miaka mingi na watu wengine: karani, mkaguzi wa hesabu, au kijana atakayeipokea kazi yako. Akitafuta "wakulima" asione kitu, anaweza kuunda jedwali la pili. Hapo kilo za mkulima mmoja zitagawanyika mahali pawili, na siku ya malipo atapunjwa.

Dawa yake ni mstari mmoja. Katika Laravel, andika ndani ya klasi:

protected $table = 'wakulima';

Katika Django, andika ndani ya klasi ndogo ya Meta:

db_table = 'wakulima'

Klasi ibaki katika umoja, kwa kuwa inaeleza mkulima mmoja. Jedwali liwe katika wingi, kwa kuwa linabeba wote.

Angalizo: katika Laravel, mstari huo huiambia programu mahali pa kutafuta tu. Haubadilishi jina la jedwali ambalo tayari lipo. Kwa hiyo chagua jina mapema, kabla hujaingiza taarifa.

Ziwa letu sisi tunaliita Nyasa. Majirani zetu wa ng'ambo wanaliita Malawi. Maji ni yale yale, lakini anayelitafuta ramanini lazima ajue jina lililoandikwa humo. Hifadhidata ni ramani ya kazi yako. Iandike kwa majina ambayo mwenye kahawa yake anaweza kuyasoma.