KUPUNGUZWA KAZI SIYO BARAKA! IFAKARA WANATAKA HAKI YAO KWANZA, SEMINA BAADAYE

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kuanzia Ifakara mpaka Mlimba. Ndani yake yupo motivesheni spika mmoja wa Dar, jina kapuni. Suti kali, saa inang'aa, kaegemea gari. Anasema kupunguzwa kazi ni baraka, na anayelia ana "akili ya mshahara". Yeye mwenyewe ati alifukuzwa kazi, hakulia hata siku moja, na leo ametoboa. Mwisho wa klipu anatangaza semina. Kiingilio kipo, tena siyo kidogo.

Wenye kazi zao waliishea klipu hiyo na vile viemoji vya moto. Waliotoka kupokea barua za kuachishwa kazi walizima data wakalala.

Basi lazima lisemwe wazi: huo ni uongo. Na kuna watu bondeni Kilombero unaweza kuwagharimu hela ambayo ni yao kabisa.

BARUA YA "KUACHA KAZI MWENYEWE"

Chukua mfano wa kijana mmoja wa Kibaoni, naye jina kapuni. Kwa miaka 4 alikuwa anazunguka na pikipiki ya mradi wa afya hadi Mbingu huko, kishikwambi kwenye begi, anakusanya taarifa nyumba kwa nyumba. Ifakara ni mji wa utafiti wa malaria tangu miaka ya 1950, kwa hiyo kazi ya mradi pale ni kama kazi ya bandari kwa mtu wa Tanga. Familia nyingi zinakula hapo.

Halafu ikaja Januari 2025. Rais wa Marekani, Donald Trump, akasaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Miradi iliyotegemea hela ya USAID nchi nzima ikaambiwa isimame. Siku 90 zikageuka moja kwa moja, maana ilipofika Julai 1, 2025 USAID yenyewe ikafungwa rasmi.

Kijana akaitwa ofisini. Dada wa utumishi akamwambia kwa upole, "Kaka, andika tu barua ya kuacha kazi mwenyewe. CV yako itabaki safi." Na kijana usiku wa jana alikuwa ameangalia ile klipu. Akaona kumbe huko ndiko kuondoka kibabe. Akaomba alale nayo kwanza.

Nyumbani akamkuta baba yake mdogo, mstaafu wa reli.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umesaini?"

"Bado, baba. Nataka nisaini kesho nianze maisha mapya."

"Usisaini. Kwani aliyefunga mradi ni wewe?"

Swali moja tu, na lina thamani kuliko semina nzima.

HELA IKO WAPI?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri akitaka kupunguza watu, anatakiwa kutoa taarifa mapema, aeleze sababu, na akae na wafanyakazi au chama chao wajadili. Anayelipwa kwa mwezi anatakiwa kupewa notisi isiyopungua siku 28, au alipwe hela ya hizo siku. Likizo ambayo hajaenda inalipwa. Cheti cha utumishi ni haki yake, siyo cha kubembelezea.

Kiinua mgongo nacho kipo. Aliyefanya kazi mwaka mmoja au zaidi mfululizo, akaachishwa na mwajiri, analipwa angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, mwisho miaka 10. Kwa kijana wa miaka 4 hiyo ni siku 28, yaani mshahara wa mwezi na kachenji kidogo. Ukweli usemwe pia: mkataba wa muda maalumu ukiisha kwa tarehe yake, kiinua mgongo hiki hakidaiwi. Ukikatwa katikati ni habari nyingine, na hapo mtu asikubali kuambiwa "si mkataba tu umeisha".

Halafu kuna NSSF. Lipo fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 akaachishwa kazi anaweza kulipwa theluthi ya mshahara wake kwa miezi 6. Aliyekuwa analipwa laki 6 hapo ni laki 2 kila mwezi, jumla milioni 1 na laki 2. Ila fao hilo siyo la aliyeacha kazi kwa hiari yake.

Sasa rudi kwenye ile barua. Ukiandika "nimeamua kuacha kazi mwenyewe", umefuta kiinua mgongo na umefuta fao kwa kalamu yako. Mwajiri anapumua, wewe umebaki na CV safi na mfuko mtupu. Na anayeona ameonewa anatakiwa kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30. Siku 30 hizo ndizo mtu anazipoteza akijiambia "acha nijipange kwanza, hii ni baraka".

Mbona spika hasemi haya? Kwa sababu haki haina kiingilio.

"NUNUA BODA, LIMA MPUNGA"

Ushauri wa pili wa hawa jamaa ni ujiajiri, kama vile watu wa Ifakara hawajawahi kusikia neno hilo. Bonde zima limejiajiri! Mpunga unalimwa, kokoa inalimwa Mbingu, miwa iko upande wa Kidatu, kambale na perege wanavuliwa mtoni. Anayepunguzwa kazi haingii kwenye uwanja mtupu. Anaingia kwenye uwanja uliojaa watu wenye uzoefu wa miaka 20.

Halafu kuna hesabu ambayo haipo kwenye klipu. Mradi ukifunga, hakupotei mishahara tu, wanapotea na wateja. Aliyekuwa anapanda bodaboda asubuhi sasa anatembea. Aliyekuwa anakula kwa mama lishe sasa anakula kwake. Mwenye nyumba amebaki na vyumba. Na mwezi huohuo watu kibao wanaambiwa wakanunue bodaboda! Wambebe nani?

Mtaji nao unatoka wapi? Mkopo wa halmashauri wa asilimia 10, ule wa 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, hauna riba, ila unapitia kwenye kikundi na una foleni yake. Mwenye haraka anaishia kwenye kausha damu. Mpunga una msimu, kausha damu haina msimu. Mtu anakopa Desemba ili alime, marejesho yanaanza wiki inayofuata, mavuno ni katikati ya mwaka huko. Maji ya mto Kilombero yakipanda yakachukua shamba, ndiyo baraka hiyo?

Hata mashamba makubwa yameanguka. Kampuni iliyokuwa inaendesha shamba la mpunga la Mngeta, zaidi ya hekta 5,000, ilishindwa kulipa madeni yake mwaka 2019. Ilikuwa na mitambo, wataalamu na wawekezaji kutoka nje. Leo mtu na jembe lake anaambiwa akikwama ni kwa sababu hana "mindset".

WALIOBADILISHA KAZI KWELI

Hakuna anayesema mtu akae alie mpaka azeeke. Watu wanabadilisha kazi na wengine wanafika mbali. Ila hawaanzi na motivesheni.

Kumbuka kivuko cha mto Kilombero. Daraja la Magufuli lilipofunguliwa mwaka 2018, mita 384 za zege, wote wakafurahi na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini yule aliyekuwa anauza samaki wa kukaanga kwenye foleni ya kivuko, foleni yake ilikufa. Hakuhitaji kuambiwa aamini ndoto zake. Alihitaji kujua abiria sasa wanashuka wapi, na hela kidogo ya kuhamisha meza.

Kijana wa Kibaoni hakusaini. Akasubiri barua ya mwajiri, akalipwa notisi na likizo, akafuatilia NSSF yake. Hela ile haikumtajirisha, ila ilimpa miezi ya kufikiri bila kukimbizwa na mdai. Akajiuliza: kinachojulikana hapa ni nini? Anajua kila njia ya tope. Ana namba za wenyeviti wa vijiji. Anajua kuandika taarifa isiyo na makosa. Leo ni karani wa mnunuzi wa mpunga, anapima, anaandika, analipa. Mshahara ni mdogo kuliko wa mradi, na yeye mwenyewe anasema hivyo bila aibu. Lakini ana deni sifuri, na ujuzi ameuhamisha, hakuutupa.

Na mwenye ufundi wa mkononi asiye na karatasi, VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa unachokijua, unapewa cheti. Hiyo nayo haipo kwenye klipu.

Kwa hiyo ndugu spika, ukija Ifakara karibu sana, wali wa hapa hauna mpinzani. Ila kabla hujapanda jukwaani, jibu moja tu: ulipofukuzwa kazi, kodi ya nyumba ya mwezi ule nani alilipa? Ukilijibu hilo kwa ukweli, watu watanunua tiketi.

Una ndugu au jirani aliyeambiwa aandike barua ya "kuacha mwenyewe"? Ilikuwaje? Dondosha komenti hapo chini, na mtumie hii kabla hajasaini.