Jumamosi ya Mwisho wa Mwezi, Tuwasikilize



Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, wengi wetu tuliulizana: ni nani huyu? Mtu kazaliwa Unguja, riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, na wasomaji wa Kiswahili wakampata kitabuni mwaka 2022, pale Ida Hadjivayanis alipoifasiri Paradise kwa jina la Peponi. Ilibidi Stockholm iseme kwanza. Nachelea kwamba ndivyo tunavyowafanyia wanaoandika sasa hivi Mbagala, Ilemela na Chake Chake: tunangoja mtu wa mbali awasikilize, ndipo nasi tupige vigelegele.

Nao wapo, tena wengi. Fungua simu uone simulizi zinazotolewa sehemu kwa sehemu kwenye Facebook na makundi ya WhatsApp, nyingine hadi ulipie ndipo upate mwendelezo. Watunzi wake wana wasomaji. Wanachokosa ni kuuona uso wa msomaji. Anayengoja sehemu ya kumi na tatu huandika "leta nyingine" na kuweka kidole gumba; hamwambii mtunzi kwamba ile ya kumi na mbili ilipwaya, au kwamba shangazi aliyezikwa mwanzoni ameonekana tena harusini. Akisoma kwa sauti mbele za watu, mtunzi huyagundua mwenyewe. Sentensi ndefu humkata pumzi. Watu hucheka pale alipotaka walie. Mzee wa mbele hutazama saa. Sijui mhariri anayefundisha haraka kiasi hicho, tena bure.

Tuzo tunazo, na tuzienzi: ile ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, iliyozinduliwa 2022 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na ile ya Kiswahili kwa fasihi ya Afrika iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Lakini tuzo hupokea mswada uliokwisha kuiva. Kuuivisha ni kazi ya mtaa, na mtaa umeiacha.

Zamani haukuiacha. Mshairi Muyaka wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840, hakuona kitabu chake hata kimoja kikichapishwa. Beti zake zilikaa vifuani mwa watu mpaka mwishoni mwa karne ya 19, Mwalimu Sikujua alipomsaidia mmisionari W. E. Taylor kuzikusanya na kuziandika. Wasikilizaji ndio waliomhifadhi. Mathias Mnyampala naye alitunga ngonjera ili zisemwe kwa kujibizana mbele ya hadhira, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 watoto walizighani shuleni. Nairobi, watu wa jarida la Kwani?, lililoanza 2003, waliweka jioni ya kila mwezi ambapo mwenye shairi lake alipanda jukwaani akasoma. Hapa Dar es Salaam jioni za namna hiyo zipo pia, ila ni chache, na nyingi ziko upande wa mji ambao nauli ya kurudi usiku inamshinda kijana wa Chanika.

Kwa hiyo naomba tufanye hivi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi tumezoea kuitoa kwa usafi. Asubuhi tunazibua mitaro. Alasiri ya siku hiyohiyo tukae tusomeane. Nasema alasiri kwa makusudi, kwa kuwa shughuli inayoanza saa mbili usiku huwaacha nje akina mama na mabinti, na hao ndio wenye nusu ya hadithi zetu. Mahali hapakosekani: maktaba ya mkoa, baraza ya ofisi ya serikali ya mtaa, darasa la shule ya msingi, kijiwe cha kahawa ikiwa mwenye birika ameridhia. Kila msomaji apewe dakika kumi. Asome kilicho chake, kwa Kiswahili anachokimudu, kiwe cha kitabuni, cha Kipemba au cha kijiweni.

Tafadhali, pasiwe na mgeni rasmi. Tukimwalika tutaanza kwa kuchelewa, tutasikia kwamba itifaki imezingatiwa, risala itasomwa, na binti aliyekuja na hadithi yake ya kurasa nne atarudi nayo kwenye mkoba. Bango, fulana na maji ya chupa vyote vinaweza kusubiri.

Msikilizaji naye ana kazi. "Hongera, kazi nzuri" haimsaidii mtu. Mwambie ulipopotea, ulipochoka, na jina gani lilikukaa kichwani. Msema kweli huyu ndiye ninayemhitaji kuliko mfadhili. Waandishi wakongwe, njooni mkae mkekani kama wengine, msije kutoa mada. Wakutubi, tufungulieni mlango saa mbili zaidi siku hiyo. Redio za jamii, leteni kinasa sauti. Dakika kumi za hadithi ya jirani zitasikilizwa.

Najua kuna wanaohofu kuibiwa kazi. Hofu hiyo ina msingi, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo kwa ajili ya kuisajili kazi yako. Lakini hadithi uliyoisoma mbele ya majirani ishirini ina mashahidi ishirini. Ile iliyojificha ndani ya simu yako haina hata mmoja. Wengine watasema Watanzania hawasomi, na kurudia ule utani kwamba ukitaka kumficha Mtanzania kitu kiweke kitabuni. Utani umenichosha. Mtu huyohuyo anayedaiwa hasomi husikiliza mchezo wa redio mpaka mwisho na kuusimulia kesho yake kazini. Msomee, uone.

Mwezi huu basi, mmoja wenu katika kila mtaa amwone mwenyekiti aombe baraza na mabenchi, awapigie watunzi watatu anaowajua, atangaze msikitini, kanisani na kwenye kundi la mtaa. Wakija watu saba, someni kwa hao saba, na mtangaze tarehe ijayo kabla hawajainuka. Na mwenyekiti mwenyewe akisema naye ana shairi, mpeni dakika kumi zilezile.