Kikapu cha Mama Mkwe

Kama unasoma ukurasa huu ukiwa kwenye foleni ya daladala, basi pole, vuta subira, tutafika tu.

Mwezi huu tuongee kuhusu kitu kinachogombanisha wanandoa wengi wa mjini, tena kimyakimya. Hapana, sio simu za usiku wa manane. Ni kile kikapu kinachotoka kijijini kwa mama mkwe! Unakijua. Kimefungwa kwa kamba ya katani, kimesafiri na basi usiku kucha, ndani kuna unga, majani makavu, mbegu na vichupa visivyo na maandishi. Mama watoto anakiangalia kwa jicho la pembeni: “Hivi vitu ni salama kweli?” Baba watoto anakiangalia kama amepokea dhahabu. Nani yuko sahihi? Ngoja tuone, maana wanasayansi nao wamekifungua kikapu hicho, na walichokuta humo kina utamu na uchungu.

Kwetu, namaanisha kwa mume wangu, ni Kiegei, Nachingwea, huko ambako ukisogea kidogo tu unaongelea Ruangwa. Kikapu cha huko nakijua vizuri: makopa ya muhogo, mbaazi, korosho, choya iliyokaushwa (wengine mnaita rozela) na unga wa majani ya mlonge. Twende navyo kimoja kimoja.

MUHOGO HAUTAKI HARAKA

Nianze na makopa, maana hapa ndipo bibi zetu walipowazidi wengi akili. Muhogo mchungu una kemikali ambayo, mzizi ukikatwa au kupondwa, hubadilika na kutoa sayanidi. Ndiyo, sumu ile ile unayoisikia kwenye sinema! Mmea umejiwekea ulinzi wake. Lakini sumu hiyo ina udhaifu mmoja: ukiupa muhogo maji na muda, inatoka na kwenda zake hewani. Ndiyo maana kina mama wa kusini humenya, hulowanisha siku kadhaa, huanika, hutwanga. Ukiwaona unaweza kudhani wanapoteza muda. Kumbe wanafanya kazi ya maabara bila koti jeupe.

Mwaka 1988 huko Masasi, jirani kabisa na Nachingwea, chakula kilikuwa kimepungua. Njaa haijui kusubiri. Kina mama walilazimika kutumia njia ya mkato inayoitwa chinyanya: muhogo mbichi unatwangwa, unaanikwa, unatwangwa tena, na siku hiyo hiyo unakuwa ugali. Watu walitapika na kupata kizunguzungu baada ya kula. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, ambayo ipo tangu 1973, walifuatilia kisa hicho wakishirikiana na wenzao wa nje, akiwemo yule daktari wa Sweden, Hans Rosling. Ukweli ukajulikana: sumu ilibaki kwenye unga kwa sababu hatua zilirukwa.

Kutapika ni afadhali. Kuna ugonjwa unaitwa konzo. Mtu, mara nyingi mtoto au mama aliye katika umri wa kuzaa, anaweza kulala mzima na kuamka miguu imekakamaa, na haitarudi kama zamani. Tarime iliupata mwaka 1985. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaonekana Mtwara na Mbinga, na wagonjwa zaidi ya 200 wakaripotiwa. Na huko Bandundu, Kongo, watafiti walikuta kitu cha kusikitisha: barabara nzuri ya kwenda Kinshasa ilipofika, wafanyabiashara wakawa wanataka muhogo haraka, kina mama wakapunguza kulowanisha kutoka siku tatu hadi moja. Barabara ikaleta pesa, na miguu ya watoto ikalipa.

Tena si hilo tu. Mwili wetu unaweza kuiondoa sayanidi kidogo inayobaki, lakini unahitaji protini ili kufanya kazi hiyo. Sasa rudi kwenye kikapu uangalie. Mama kaweka nini pembeni ya makopa? Mbaazi! Hakuna aliyemfundisha kemia, ila anakwambia ugali wa muhogo bila mbaazi au samaki “hauna mwenzake”.

Kwa mliokwishapata unga na hamjui ulivyotengenezwa, kuna mbinu aliyoibuni Profesa Howard Bradbury wa Australia, na kina mama wa Mtwara walishafundishwa. Weka unga kwenye beseni, tia alama mahali ulipofikia. Ongeza maji huku ukikoroga mpaka unga uliolowa urudi kwenye alama ile. Utandaze kwenye mkeka safi, unene usizidi sentimita moja. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo. Basi! Haina gharama, na sumu inapungua mara kadhaa.

WAKOREA WANAFANYAJE?

Siku hizi kila msichana wa mjini anaangalia tamthilia za Kikorea, kwa hiyo kimchi si neno geni. Ni kabichi iliyochachushwa kwa chumvi, pilipili na viungo, na bila hiyo meza ya Mkorea haijakamilika. Lakini je, ulijua kwamba tangu 2010 wana taasisi nzima ya utafiti kwa ajili ya kimchi peke yake, katika mji wa Gwangju? Na tangu 1994 wana taasisi ya taifa ya kuchunguza tiba zao za jadi. Tabibu wao mmoja, Heo Jun, aliandika kitabu kikubwa cha tiba kilichochapishwa mwaka 1613, na mwaka 2009 UNESCO ikakiingiza kwenye kumbukumbu za dunia.

Ninachokipenda kwao ni kwamba hawachunguzi ili kusifia tu. Watafiti wa huko huko ndio waliouliza kama vyakula vyenye chumvi nyingi, kimchi ikiwemo, vinachangia saratani ya tumbo. Fikiria: unachunguza chakula cha mama yako, na una ujasiri wa kusema “mama, chumvi imezidi”. Huo ndio upendo wa kweli, jamani.

Na sisi? Msidhani tumelala. Pale Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974. Kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, ambayo ilileta baraza la kusimamia waganga na dawa zao. Kwa upande wa kilimo, kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kinajulikana kwa korosho, lakini kinashughulika pia na karanga, ufuta na muhogo. Ila watu wa Nachingwea wana haki ya kumtazama mtaalamu kwa tahadhari. Ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ulifika kwao na matrekta na mamilioni ya paundi, na kufikia 1951 ulikuwa umekufa. Wataalamu walikuja na majibu kabla ya kuuliza maswali.

MLONGE, CHOYA NA PRESHA YA BABA WATOTO

Sasa tuingie chumbani kwangu kidogo, maana nimewaahidi ukurasa huu hauna unafiki.

Mume wangu ana presha. Aligundulika miaka miwili iliyopita, akapewa vidonge vya kila siku. Mwaka jana kikapu kilipofika, jamaa zake wa kijiweni wakamwambia mlonge unatibu presha, kisukari, vidonda vya tumbo na ukimchokoza utatibu hata madeni. Akaanza kunywa unga wa mlonge asubuhi na jioni. Sikuwa na shida na hilo. Shida ni kwamba vidonge aliviacha, na hakuniambia. Nilivikuta droo ya chini, karatasi zake zimejaa vilevile kama zilivyotoka dukani.

Nilipomuuliza, akanijibu kwa sauti ile ya wanaume waliokwishaamua: “Kwa hiyo unasema mama yangu ananipa sumu?”

Unaona mtego huo, shosti? Ukisema mlonge sio dawa, umemtukana mama. Ukinyamaza, unaweza kuwa mjane. Nikamwambia sina ugomvi na mama, ila twende tukapime. Tukapima duka la dawa la jirani: 170 kwa 105. Hakusema kitu njia nzima.

Jioni nikampigia mama mkwe simu. Shikamoo, marahaba, habari za huko, mvua zimenyesha? Kisha nikamweleza taratibu, bila kumlaumu mtu. Akaguna. Akaniambia, “Mwanangu, mpe simu huyo.” Nikaweka sauti wazi. Mama akasema: “Wewe baba, mimi nilituma mboga. Sikutuma dawa. Nani kakwambia mboga inafukuza daktari? Marehemu baba yako alikula mlonge maisha yake yote, na dawa zake za presha alimeza mpaka siku ya mwisho.”

Ndugu zangu, ugomvi wa wiki nzima uliisha kwa dakika moja. Usiku ule ule vidonge vilirudi juu ya meza.

Na sayansi iko upande wa mama. Majani ya mlonge ni mboga nzuri sana: yana protini, madini ya chuma na vitamini A. Mbegu zake zilizosagwa husafisha maji machafu, na utafiti wa jambo hilo ulifanyika sana nchini Sudan. Lakini majaribio ya mlonge kwa wagonjwa wa presha na sukari bado ni madogo, hayatoshi kumwambia mtu aache vidonge. Na mizizi yake ina kemikali zinazoweza kudhuru, hasa kwa mjamzito. Kwa hiyo majani ndiyo, mizizi hapana.

Choya ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi. Mwaka 2010 watafiti wa chuo kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha jaribio la watu 65 wenye presha iliyopanda kidogo. Wengine walikunywa chai ya choya vikombe vitatu kwa siku kwa wiki sita, wengine kinywaji cha kufanania. Presha ya juu ya wanywaji wa choya ilishuka kwa pointi 7.2, ya wenzao pointi 1.3. Sio mchezo! Ila angalia: hao ni watu ambao presha yao haikuwa kali na hawakuwa wakimeza dawa za presha. Mwenye 170 hashuki mpaka salama kwa pointi 7. Na ukichanganya choya na vidonge bila kumwambia daktari, presha inaweza kushuka kupita kiasi. Sisi tulimwambia daktari wetu. Alikubali kikombe kimoja kwa siku, bila sukari ya kumwaga, na kupima kila wiki.

TUSISAHAU LOLIONDO

Mnakumbuka mwaka 2011? Nchi nzima ilihamia Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile, Babu wetu, aliyefariki mwaka 2021. Kikombe shilingi 500, dawa ya mti wa mugariga. Foleni za magari zilikwenda kilometa na kilometa. Simcheki aliyekwenda, mgonjwa anatafuta uzima, nani angekaa nyumbani? Kilichoniuma ni wale walioacha dawa zao za hospitali wakiamini kikombe kimemaliza kazi.

Wala majani siyadharau. Dawa ya malaria tunayomeza leo chanzo chake ni mmea wa Kichina ambao Tu Youyou aliufuatilia kwenye maandiko ya kale, akapata Nobel mwaka 2015. Lakini yeye hakuishia kuamini maandiko. Alipima, akajaribu, akajua kiasi gani kinatibu na kiasi gani kinadhuru. Kiasi ndicho kinachokosekana kwenye vichupa vya stendi vinavyotibu magonjwa arobaini.

Basi ukipokea kikapu, fanya hivi. Kwanza mpigie simu aliyetuma, umshukuru, kisha umuulize kimetengenezwaje na huko kinaliwa kwa kazi gani. Utashangaa ni mara ngapi kijijini kitu ni mboga, kikifika mjini kinakuwa dawa. Pili, mwambie daktari kila unachokunywa, hata kama unahisi atakucheka. Tatu, usiache dawa uliyoandikiwa kwa sababu ya jani lolote, hata liwe na jina zuri kiasi gani. Nne, kama kuna ubishi kati yako na mwenzio, msibishane kuhusu mama. Pimeni.

Na wewe mwanaume unayesoma kwa kuibia gazeti la mkeo, droo ya chini sio mahali pa kuficha vidonge. Mke akijua unaumwa atakuuguza. Usipomwambia, atakuja kuuguza kitu ambacho kingezuilika.

Tukutane mwezi ujao. Wasalimie wakwe!