Kabla ya Kuhama Azeroth



Safari hii naomba niandike juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtaliona la kitoto. Kijana wa Kitanzania anayesoma Ulaya ameniuliza kama aache mchezo mmoja wa mtandaoni na kuhamia mwingine. Wa kwanza, World of Warcraft, ameucheza kwa miaka sita. Anaotaka kuhamia ni Final Fantasy XIV. Nusu ya wenzake wamekwishahama, nusu wamebaki, na kila upande unamvuta kwake. Alimwuliza baba yake, akaambiwa azime kompyuta akalale. Jibu hilo lina hekima yake, nami nitalirudia, ila halikugusa alichouliza.

Kwa wasioijua michezo hii: si kama ile ya simu ambayo mtu huicheza akisubiri daladala na kuifuta kesho yake. Huu ni ulimwengu mzima uliomo ndani ya seva, na maelfu ya watu huingia humo kwa wakati mmoja. Kila mmoja huunda mhusika wake, humpa jina, humlea kutoka ngazi ya kwanza mpaka za juu. Wachezaji hujiunga katika vyama vyenye viongozi, kanuni, hazina na ratiba. Yapo majitu ambayo mtu mmoja hawezi kuyaangusha. Huenda watu hata ishirini, wachache wakipokea mapigo, wengine wakishambulia, wengine wakiwaponya walioumia. Mponyaji asipofika, safari huahirishwa. Kijana wetu ni mponyaji.

Kwa hiyo swali lake halifanani na la mtu anayechagua viatu dukani. Linakaribiana zaidi na la mwanakwaya anayefikiria kuhama kwaya, na sina haja ya kuwaeleza wanaparokia jinsi jambo hilo linavyoweza kutikisa jumuiya nzima.

Wala si wa kwanza kuuliza. World of Warcraft ilitolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani mnamo Novemba 2004, na Oktoba 2010 kampuni ilitangaza kwamba imefikisha wanachama milioni 12 wanaolipa ada. Miaka mitano baadaye walibaki milioni 5.5, kisha ikaacha kabisa kutangaza hesabu hiyo. Watu wamekuwa wakihama muda wote huo. Lakini mwaka 2021 walihama kwa kishindo. Toleo la nyongeza lililotoka Novemba 2020, Shadowlands, liliwachosha wengi kwa kazi za kila siku zisizokwisha, na marekebisho makubwa ya kwanza yalikawia hadi mwishoni mwa Juni 2021. Mwezi uliofuata idara ya jimbo la California inayosimamia haki katika ajira ikaifungulia kampuni mama shauri, ikidai kwamba wafanyakazi wanawake walibaguliwa na kunyanyaswa. Kampuni ilipinga, wafanyakazi wenyewe wakatoka nje kuandamana. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano Desemba 2023, kwa malipo ya takribani dola milioni 54.

Wengi wa waliokasirika walikimbilia Final Fantasy XIV ya kampuni ya Kijapani Square Enix. Toleo jipya lilipotoka Desemba 2021 foleni za kuingia kwenye seva zilikuwa za saa nyingi, hata kampuni ikasimamisha kwa muda kuuza mchezo wake na kuwapa waliokwishalipa siku za bure. Ni nadra kumwona mfanyabiashara akifunga duka kwa sababu wateja ni wengi mno.

Nakiri kwamba historia ya mchezo huo inanivutia. Ulipotoka mara ya kwanza, Septemba 2010, ulikuwa mbovu, nao wachezaji hawakuficha. Kampuni iliomba radhi hadharani, ikambadilisha msimamizi, ikaacha kutoza ada kwa zaidi ya mwaka mmoja. Msimamizi mpya, Naoki Yoshida, aliamua kuujenga upya kuanzia msingi huku ule wa zamani ukiendelea kuchezwa. Novemba 2012 seva zilizimwa, na ndani ya hadithi yenyewe ulimwengu ule ukateketezwa mbele ya macho ya wachezaji. Agosti 2013 ulirudi ukiwa mpya. Anayesema kwamba kitu kilichoharibika hakitengenezeki na autazame mchezo huo.

Sasa mizani. Vijana wengi nilioongea nao huanza na fedha na mali. Ada ya mwezi ya World of Warcraft ni kama dola 15. Kwa miaka sita kijana huyu ametoa zaidi ya dola 1,000, bila kuhesabu bei ya matoleo ya nyongeza. Ana dhahabu, ana silaha, ana farasi wenye mabawa. Anaona kuhama ni kuvitupa. Mimi naona hoja hii ndiyo nyepesi kuliko zote, ingawa ndiyo inayouma zaidi. Fedha ile imekwishatumika. Akibaki hairudi, akihama hairudi. Alinunua nayo jioni za miaka sita, na jioni hizo alizipata. Zaidi ya hayo, mhusika wake hafutwi kwa kuwa ameacha kulipa. Blizzard humhifadhi, na siku mwenyewe akirudi atamkuta na mavazi yake. Upande wa pili kuna tofauti ndogo inayofaa kujulikana: katika Final Fantasy XIV mchezaji anaweza kumiliki nyumba, lakini viwanja ni vichache na hugawiwa kwa bahati nasibu, na mwenye nyumba asipoingia ndani kwa siku 45 hubomolewa. Anayejua kwamba masomo yatamweka mbali na kompyuta kwa muhula mzima asijiingize katika ujenzi.

Kuhusu michezo yenyewe nitasema kidogo. Katika World of Warcraft mhusika mmoja ana fani moja. Ukitaka nyingine unaanza na mhusika mwingine. Katika Final Fantasy XIV mhusika mmoja hujifunza fani zote, kuanzia mpiga mishale hadi mpishi na mvuvi. Mapigo yake yana nafasi kubwa zaidi kati ya moja na jingine, kama sekunde mbili na nusu, jambo linalompa nafuu mwenye intaneti ya kusuasua (na huyu kijana akija likizo nyumbani ataijua thamani yake). Ila lazima aifuate hadithi kuu hatua kwa hatua, mamia ya saa, kabla ya kuwafikia wenzake waliotangulia. Hapo ndipo penye mtego. Anadhani anahama ili awe na rafiki zake, kumbe miezi ya kwanza atakuwa peke yake akisoma maongezi ya wahusika, wao wakiwa juu huko.

Jaribio la bure lipo, na ni la ukarimu: mchezaji anaruhusiwa kufika ngazi ya 70 bila kikomo cha siku. Nimemshauri alianze. Lakini aelewe linachomwonyesha na lisichomwonyesha. Mwenye akaunti ya bure hawezi kujiunga na chama. Ataonja mandhari, muziki, mapigano, hadithi, ila ndugu wa chama hatawaonja, na hao ndio wanaofanya mtu akae miaka sita mahali pamoja.

Nawaleta hapa kwa Mats Steen. Alikuwa kijana wa Norwei mwenye ugonjwa wa Duchenne, ule unaokausha misuli tangu utotoni. Alifariki Novemba 2014 akiwa na miaka 25, baada ya kutumia maelfu ya saa katika World of Warcraft akiwa kitini. Wazazi wake walihuzunika kwamba mtoto wao ameishi bila rafiki, bila mtu wa nje aliyemhitaji. Baba yake alipotangaza kifo katika ukurasa wa mtandaoni wa marehemu, barua zikaanza kumiminika kutoka kwa watu wasiowajua. Wote walimjua kwa jina la mhusika wake, Ibelin. Aliwasikiliza, aliwapatanisha, aliwasaidia wengine wazungumze na watoto wao. Baadhi ya wana chama chake, kilichoitwa Starlight, walisafiri kutoka nchi nyingine kuja kumzika. Mwaka 2024 ilitoka filamu juu ya maisha yake.

Simsimulii ili kuibariki kila saa inayotumika mbele ya kioo. Namsimulia kwa sababu tunapowaambia vijana kwamba hayo ni mambo ya kufikirika tu, tunakosea kweli. Upanga ni wa kufikirika. Anayeushika ni mtu, amechoka au amefurahi, na kesho ana mtihani. Waswahili husema usiache mbachao kwa msala upitao, na wengi hudhani katika habari hii mbachao ni mchezo wa zamani. Mimi naona mbachao ni wale watu. Kama wote wangekuwa wamehama, ningemwambia kijana awafuate kesho asubuhi. Tatizo ni kwamba wamegawanyika.

Nilimwuliza kwa nini wale nusu waliondoka. Akasema palitokea ugomvi juu ya mgao wa nyara, kiongozi akatoa maneno makali, wakahama usiku uleule. Yeye mwenyewe amekuwa na hasira tangu siku ile. Mafrateri wanaosoma upambanuzi wa roho wanajua alichoshauri Mtakatifu Inyasi wa Loyola: wakati wa ukiwa mtu asibadili uamuzi aliouweka akiwa na utulivu. Inyasi alikuwa anafikiria mambo mazito kuliko haya, lakini shauri lake linafaa hata hapa. Hasira humwonyesha mtu mlango wa kutokea tu, na chumba anachokwenda kuingia haiangalii. Namtofautisha na aliyeondoka mwaka 2021 kwa sababu dhamiri yake haikumruhusu kuendelea kuilipa kampuni iliyotuhumiwa vile. Huyo alikuwa na sababu inayosimama hata baada ya kulala juu yake, wala simpingi.

Maoni yangu, basi, ni kwamba asihame mwezi huu. Hao waliobaki wana mponyaji mmoja, naye ndiye. Akiondoka kimyakimya, watu wengine watakaa mbele ya kompyuta zao Alhamisi usiku wakimsubiri. Baada ya mwezi, hasira ikiwa imepoa na jaribio la bure ameligusa, ajiulize tena. Akiona bado anataka kwenda, aende kwa amani.

Kuna njia ya tatu ambayo aliitaja kwa haraka, kama vile haina uzito: kucheza yote mawili. Hiyo naipinga kabisa. Ada mbili zinalipika. Jioni ndizo zisizoongezeka. Mchezo mmoja wa namna hii, ukiwa na chama kinachokutana kwa ratiba, unamla mtu usiku miwili au mitatu kwa wiki, miwili inammaliza. Atakuwa mgeni kotekote, atalala saa tisa usiku, na mwalimu atamwona darasani akisinzia. Hapa ndipo baba yake alipokuwa na haki. Mzee hakujua tofauti ya Azeroth na Eorzea, ila alijua mwanawe haamki. Na iko nafasi nzuri hapa ambayo sitaki ipite. Mtu anayehama nyumba hupata siku moja ya kutazama vitu vyake na kuuliza kipi kweli anakihitaji. Kijana anayesimama kati ya michezo miwili yuko katika siku hiyo. Akigundua kwamba hamu ya mchezo wenyewe imekwisha na kinachobaki ni rafiki wawili au watatu, namba zao za simu anazo. Hawahitaji joka la kuua ili wasalimiane.

Aweza pia kukumbuka kwamba ulimwengu wowote wa namna hii hukaa kwa hiari ya mwenye seva. Star Wars Galaxies ilifungwa Desemba 2011, City of Heroes mwaka uliofuata. Januari 2023 mkataba wa Blizzard na mshirika wake wa China ulikwisha, wachezaji wa huko wakafungiwa mlango mpaka mwaka 2024. Hao hawakuulizwa kama wanapenda kuhama.

Akiamua kuondoka, nimemwomba mambo machache. Awaambie waliobaki kwa sauti yake mwenyewe, si kwa ujumbe wa maandishi. Dhahabu aliyonayo aiache kwenye hazina ya chama, kwa kuwa huko aendako haitumiki. Asikubali kuwa mpeleka habari kati ya kambi mbili. Na kabla ya hayo yote amtafute mtu wa kuponya siku ya Alhamisi, amfundishe mapigo ya yule jitu la mwisho, hasa lile la sumu, ambalo ameniambia huwaua watu wote wasipotawanyika mapema.