Ndugu Wakigombana, Nani Achukue Jembe?

Wahenga walinena: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Methali hii humwonya mtu wa nje asijitie kati ya watu wa tumbo moja. Mwaka wa 2003, Wakenya wengi waliipuuza.

Mwaka wa 1999, Christopher Kosgei alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji mjini Seville. Wadogo zake wakafuata nyayo. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2002 mjini Manchester, Stephen Cherono alipata dhahabu naye Abraham Cherono shaba, wote chini ya bendera moja. Agosti 2003, Stephen alichukua uraia wa Qatar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na mwezi uo huo akawa bingwa wa dunia mjini Paris. Katika fainali hiyo, Abraham aliikimbilia Kenya, akamaliza wa tano.

Neno lililotawala baada ya hapo ni 'msaliti'. Kenya ilikataa kumpa idhini ya kushiriki Olimpiki za Athens 2004, mwaka ambao aliweka rekodi ya dunia ya dakika 7:53.63, iliyodumu hadi 2023.

Je, neno hilo huacha nini nyumbani? Ndugu aliyebaki hukosa pa kusimama: akimpongeza mwenzake, ataitwa msaliti wa pili, akinyamaza, ataonekana amemkana. Naye aliyeondoka hukosa wa kumweleza kilichomsukuma. Isitoshe, katika familia nyingi zetu tamaa ya maendeleo haizungumzwi waziwazi. Wazee huiona kuwa utovu wa adabu, vijana wakaificha hadi siku ya safari. Kimya hicho ndicho hutenganisha ndugu, mbio zikasingiziwa.

Wapo watakaosema kwamba taifa lililomlea mwanariadha lina haki ya kulalamika. Ni kweli. Hata hivyo, na lilalamikie sheria na mikataba, lisiwalazimishe ndugu kuchagua kati ya damu na bendera.

Wapenzi wa Kiswahili tunajua uzito wa maneno. Tulipime neno 'msaliti' kabla ya kulitupa ndani ya nyumba ya watu. Methali ile humtaka jirani anyamaze. Haikuwaambia ndugu wenyewe wanyamaziane.