Ritani ya Juni Haijui Sheria ya Julai

Juni ikielekea ukingoni, kwenye saiba na makundi ya WhatsApp nchini Kenya utasikia ushauri huu: wahi kujaza ritani ya kodi kabla ya Julai mosi, Sheria mpya ya Fedha ikianza utaumia. Wengine wanashauri kinyume: vuta subira, huenda sheria mpya ikakupunguzia. Pande zote mbili zinapotosha watu, kwa sababu zote zinaamini kwamba kodi yako hupigiwa hesabu kwa sheria iliyopo siku unayojaza fomu.

Ritani ni hesabu ya mwaka uliokwisha. Iliyotakiwa kufika katika Mamlaka ya Mapato (KRA) kufikia 30 Juni 2025 ilikuwa ya mapato ya Januari hadi Desemba 2024, na mshahara wa Februari 2024 unafuata sheria ya Februari 2024. Ukijaza Agosti utatozwa faini ya kuchelewa, isiyopungua shilingi 2,000. Viwango vya kodi vitabaki vilevile.

Kuamini sheria ya siku ya kujaza fomu kuna gharama. Mnamo 11 Desemba 2024 Rais alitia saini marekebisho ya sheria za kodi, yakaanza kutumika tarehe 27 mwezi huohuo. Akiba ya pensheni isiyotozwa kodi ikapanda kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Sasa mtu anaketi Juni 2025, anasoma kwamba kikomo ni 360,000 kwa mwaka, anajaza 360,000 kwenye ritani ya 2024. Kumbe nafuu hiyo iliufikia mshahara wa Desemba pekee: miezi kumi na mmoja kwa 20,000, mmoja kwa 30,000, jumla 250,000. Tofauti ya 110,000 ndiyo atakayoitwa kuieleza, na kusema alisoma mtandaoni hakutamsaidia.

Na hiyo Julai mosi yenyewe imetukuzwa kupita kiasi. Katiba, kifungu cha 116, inasema sheria huanza kutumika siku ya kumi na nne baada ya kuchapishwa katika Gazeti Rasmi, isipokuwa sheria yenyewe itaje tarehe nyingine. Sheria za Fedha hutaja tarehe kadhaa kwa mpigo. Ile ya 2023 ilileta kiwango cha asilimia 35 kwa mapato yanayozidi 800,000 kwa mwezi, kuanzia Julai mosi. Ilishusha pia kodi ya mapato ya nyumba za makazi kutoka asilimia 10 hadi 7.5, lakini landilodi akaambiwa asubiri 1 Januari 2024. Hata Januari ilipofika, alipowasilisha hesabu ya pango la Desemba alilipa asilimia 10 ileile.

Watetezi wa Julai husema mwaka wa bajeti huanza hapo. Ni kweli, ila huo ni mwaka wa Hazina. Mwaka wa mapato wa mwalimu, nesi au bawabu huanza Januari, na ndio anaoujazia ritani. Bunge linapobadilisha viwango katikati, linampasulia mwaka wake vipande viwili kisha linamwachia yeye kuviunga ndani ya fomu moja. Mwenye mhasibu hahisi chochote. Anayemlipa kijana wa saiba amjazie anahisi, na mara nyingi hugundua baadaye sana.

Kwa hiyo anayekuhimiza ukimbie Julai mosi muulize swali moja: mabadiliko hayo yanagusa mapato ya mwezi gani? Na wabunge nao waulizwe kwa nini mabadiliko ya kodi ya mapato ya watu binafsi yasianze Januari mosi kila mara, ilhali mwaka 2023 waliweza kuiandika tarehe hiyohiyo kwa wenye nyumba, ndani ya sheria ileile iliyowakata waajiriwa Julai.