DOGO WA BARIADI KACHEKWA KWA "YAI" LA SHAKESPEARE, ILA ALIYEFELI SIYO YEYE

Klipu yenyewe haifiki hata dakika. Dogo kakaa juu ya bodaboda yake pale Bariadi mjini, mkononi kashika kitabu kimechakaa cha Julius Caesar, ile tanzia ya Shakespeare, anafundisha "neno la leo". Neno ni honourable. Akalitamka "onolabo". Basi, ikawa kosa la jinai. Komenti zikamiminika: mmoja anamwambia arudi kwenye pamba, mwingine anauliza hilo yai ni la kuku au la kanga. Baada ya siku mbili klipu zake zote zikafutwa.

Wengi waliocheka hawakufika mwisho. Mwishoni dogo alisema anarisiti mtihani wa kidato cha nne, na Kiingereza ndicho kilichomwangusha. Hakuwa anatafuta umaarufu, alikuwa anatafuta cheti.

Na safari yake siyo nyepesi. Mtoto wa Itilima au Meatu nyumbani anaongea Kisukuma. Shule ya msingi ya serikali anafundishwa kwa Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza, baiolojia na jiografia vinageuka Kiingereza. Hiyo ni lugha ya tatu, na ndiyo anayotakiwa kujibia mtihani. Kuna anayefeli swali ambalo jibu lake analijua kabisa, sema hakuelewa kaulizwa nini.

Hata hayo matamshi yana sababu. Kisukuma cha asili hakina sauti ya r, ndiyo maana ulimi unakimbilia l. Mfaransa akiharibu Kiingereza anaambiwa ana lafudhi tamu. Msukuma akikiharibu anaitwa mshamba. Hapo kinachochekwa siyo lugha, ni mtu anakotoka.

Sasa ukweli mwingine usemwe: dogo naye kuna mahali aliteleza, ila siyo pale walipocheka. Alisema honourable ni "mheshimiwa", akafunga mjadala. Kwa kamusi yuko sawa. Kwa mchezo wenyewe, kaacha utamu wote.

Kaisari keshauawa. Brutus, mmoja wa wauaji, anawaeleza wananchi kwa nini wamefanya vile, na wananchi wanamshangilia. Halafu anapanda Antony, rafiki wa marehemu. Hamtukani mtu. Anawaita wauaji waheshimiwa, anaeleza wema wa Kaisari, anawaita tena waheshimiwa, anarudia na kurudia. Mara ya kwanza ni heshima. Mpaka anamaliza, neno lilelile limekuwa tusi na mji mzima umegeuka. Kamusi haikupi hiyo. Mtaani kila mtu anaijua: konda akikuita "bosi" wakati mnagombania chenji ya mia mbili, hakuheshimu hata kidogo.

Hapo ndipo kujifunza maneno mazito kupitia tanzia kunapolipa. Neno lina mtu aliyelisema, lina aliyeambiwa, na lina kilichotokea baadaye. Ambition katika mchezo huu siyo "ndoto zangu" kama wanavyoandika kwenye bio. Ni tamaa ya madaraka, na ndiyo sababu iliyotolewa ya kumuua mtu. Ukishaona damu yake, hulisahau.

Tahadhari ipo pia. Mchezo huu una zaidi ya miaka 400, na baadhi ya maneno yamebadilika. Mwanzoni kabisa fundi viatu anatupiwa neno naughty na afisa wa serikali. Enzi zile lilimaanisha mtu hovyo kabisa. Leo anaambiwa mtoto mtundu, na kwenye chati za usiku lina kazi nyingine. Anayelibeba tu bila kuuliza, siku ya usaili ataumbuka.

Njia rahisi ipo na ni ya hapahapa nyumbani. Mwalimu Nyerere alikulia Butiama, mkoa wa Mara unaopakana na Simiyu. Lugha ya kwao ni Kizanaki, Kiingereza alikikuta shuleni kama dogo huyu. Mwaka 1963, akiwa rais wa Tanganyika, tafsiri yake ya mchezo huohuo ilichapishwa, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari. Ukiviweka vitabu viwili mezani, ukasoma onesho moja kwa Kiswahili kisha onesho hilohilo kwa Kiingereza, umepata tuisheni bila ada. Hikma yake ni kwamba kisa unakuwa umeshakielewa, kazi inabaki kwenye maneno tu.

Na waliocheka, wao wasome kipande kifupi baada ya hotuba ya Antony. Watu wenye hasira wanakutana njiani na mshairi anaitwa Cinna. Kati ya wauaji yupo Cinna mwingine. Mshairi anajitetea kwamba siye. Badala ya kumwachia, mmoja wao anasema basi afe kwa sababu mashairi yake ni mabaya. Wanamvamia.

Hakuna aliyeshikiwa panga Bariadi. Ila kundi lile na hili la kwenye komenti wana tabia moja: kosa dogo linatosha, mradi wote wanapiga. Matokeo yake mtu aliyekuwa anasoma hadharani sasa kanyamaza, na mtihani unamsubiri.

Anayejua kutamka angeweza kutuma voisi ya sekunde tatu: "Mdogo wangu, h haisikiki, na mwisho malizia hivi." Ingetosha. Dogo, rudisha klipu zako. Na nyie mliocheka, nani kati yenu amekisoma hicho kitabu mpaka mwisho?